Ndege ya Mwisho ya Gondar

Kwa mnaosikiliza kipindi kila wiki, na kwa nyinyi mnaosoma hapa tu bila kusikiliza: tunawajua, na hatuna kinyongo.

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea juu ya mambo tunayoyafanya tukiwa peke yetu nyumbani, yale ambayo ukimwambia shangazi atakuuliza, “Na yana faida gani?” Mimi nikaropoka kwamba naunda ndege za plastiki. Basi simu haikutulia. Mmoja wenu aliniuliza kama nina miaka sitini. Mwingine akauliza kama nimeoa, na kama bado, je, nimeshajua sababu. Asanteni sana. Lakini wengi mliuliza swali la maana: mbona ndege ya Mtaliano? Siku ile nilijibu haraka haraka nikapita. Leo nina nafasi, nitajibu vizuri.

Kusema kweli sikuinunua kwa sababu yoyote ya maana. Niliona boksi dukani, bei imeshushwa, picha yake nzuri, nikalibeba. Ndani kulikuwa na ndege inayoitwa Fiat CR.42. Wataliano waliipa jina la Falco, yaani kozi, yule ndege mwindaji. Mabawa yake ni ya ghorofa: jozi moja juu, jozi moja chini, kama ndege za vita vya kwanza vya dunia. Rubani anakaa wazi, upepo unampiga usoni. Magurudumu hayakunjwi, yananing'inia tu hata ndege ikiwa angani. Na hii si ndege ya zamani hivyo, iliruka mara ya kwanza mwaka 1938, mwaka uleule Waingereza walipoanza kupokea Spitfire. Yaani ilizaliwa ikiwa imechelewa. Hata hivyo zilitengenezwa kama 1,800, na marubani waliipenda kwa sababu ilikuwa nyepesi kugeuka.

Yangu ni ya uwiano wa 1/32. Maana yake, kila sentimita 32 za ndege ya kweli zimekuwa sentimita moja mezani kwangu. Bawa la juu la ndege ya kweli lilikuwa na mita 9.70 kutoka ncha hadi ncha. Kwangu limekuwa sentimita 30, urefu wa rula ya shule. Kiwiliwili ni karibu sentimita 26. Kwa sisi wa mambo haya hiyo ni ndege kubwa. Mama aliiita “hicho kitu kilichokula meza yangu.”

Sasa, kila Jumapili nampigia bibi yangu mzaa mama, Malindi. Yuko karibu na miaka tisini, simu anashikiwa na binamu yangu. Mazungumzo yetu yana mpangilio wake. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Hapo ndipo ninapodanganya kidogo. Kisha baridi ya Uingereza, kisha nitakuja lini. Jumapili ile nilikuwa nimekaa mbele ya boksi, bibi akauliza, “Una nini hapo?” Nikamwonyesha. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo binamu akamsomea: ndege ya vita, ya Kitaliano.

Bibi akanyamaza. Halafu akauliza, “Ndiyo hino ilotupiga?”

Nikamwambia, “Iliwapiga wapi, bibi?”

“Hapa. Malindi.”

Jamani, nina miaka 27. Nimesoma vita vya pili vya dunia shuleni hapa London miaka miwili mfululizo. Najua Dunkirk, najua Normandy, naweza kukuchorea ramani ya Stalingrad. Hakuna aliyeniambia kwamba mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Italia zilitupa mabomu Malindi. Malindi hii hii ambayo leo Kitaliano unakisikia sokoni, ambako vijana wa ufukweni wanakwambia “ciao” kabla ya “mambo”. Nikamuuliza mama. Akasema, “Ah, bibi alikuwa akitaja taja tulipokuwa wadogo.” Akaendelea kukatakata vitunguu.

Nikamwahidi bibi kwamba nitamtafutia jibu.

Jibu lenyewe halikuwa gumu. Hapana, si hii. CR.42 ni ndege ya kupigana na ndege nyingine, na kushambulia watu na magari kwa bunduki zake mbili. Wanaotupa mabomu miji ya mbali walikuwa na ndege kubwa zaidi, za injini mbili au tatu. Nikamtumia bibi ujumbe wa sauti: si yenyewe bibi, hii kazi yake ilikuwa kuzilinda zile. Akanijibu kwa maneno matatu: “Basi ni nduguye.”

Baadaye usiku ukaja ujumbe mrefu, dakika sita. Nimeusikiliza mara nyingi. Bibi alikuwa mdogo, hajaanza hata chuoni (kwa wa bara, chuoni kwetu ni madrasa). Walisikia mvumo, babake akawaambia walale tini, halafu familia nzima ikahamia shamba siku kadhaa. “Nliona moshi kwa mato yangu,” anasema. Mato ni macho, kwa wasiojua lafudhi ya nyumbani. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Ami yake, yaani ndugu wa babake, alikuwa Keya. Alikwenda vitani mpaka Habashia, Ethiopia, akarudi na sikio moja lisilosikia. Na alipokuwa akiwahadithia watoto alikuwa na hadithi moja ya ndege. Ilikuwa na mabawa mawili juu na mawili tini, akiiita panzi. Iliwajia kule milimani, mahali panaitwa Gondari, ikawamiminia risasi. “Hiyo, mwanangu, ndiyo uulize kama ni hino yako.”

Kuanzia hapo ndege ikawa si ya kupitisha jioni tena.

Kwanza niwape historia kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa naijua. Italia ilivamia Ethiopia Oktoba 1935, ikatumia hata gesi ya sumu, na Mei 1936 ikaingia Addis Ababa. Ikaunganisha Ethiopia, Eritrea na sehemu yake ya Somalia kuwa koloni moja. Tarehe 10 Juni 1940 Italia ikaingia vitani upande wa Ujerumani, na ghafla koloni hilo likawa kisiwa. Upande huu Sudan ya Waingereza, upande huu Kenya ya Waingereza, na mfereji wa Suez uko mikononi mwa Waingereza. Meli haipiti. Sasa ndege mpya za kivita utazifikishaje?

Waliziita fundi, wakazifungua. Mabawa kando, kiwiliwili kando, wakazipakia ndani ya tumbo la ndege kubwa ya mizigo, Savoia-Marchetti SM.82, zikavushwa juu ya ardhi ya adui hadi upande wa pili, zikaunganishwa upya. Ndege kama 50 za CR.42 zilifika Afrika Mashariki hivyo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni. Yaani hata ile ya kweli ilikuja ikiwa vipande ndani ya boksi.

Ukitafuta CR.42 za Afrika Mashariki, jina la kwanza utakalokutana nalo ni Mario Visintini. Rubani hodari sana, anahesabiwa kati ya walioangusha ndege nyingi zaidi katika vita vile kwa ndege ya mabawa ya ghorofa. Tarehe 11 Februari 1941, huko Eritrea, wenzake wawili walipotea kwenye hali mbaya ya hewa. Akarudi angani kuwatafuta, akagonga mlima, akafa. Alikuwa na miaka 27, umri wangu. Siwezi kusema simheshimu mtu aliyekufa akiwatafuta wenzake, hata kama alikuwa upande wa mvamizi. Mambo mawili yanaweza kukaa kichwani pamoja.

Wanaounda CR.42 wengi huunda ya kwake. Stika zake zinauzwa kando, nikaagiza. Zilipofika nilizitazama chini ya taa kwa muda mrefu. Nembo ya kikosi chake ilikuwa farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Na farasi huyo yuko juu ya umbo dogo jeusi. Ukilisogeza karibu na jicho unaona ni nini. Ni Afrika. Bara zima, dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Niliirudisha ndani ya bahasha nikaendelea na kazi nyingine, maana bado nilikuwa mbali na hatua ya stika.

Sasa wale mlioomba nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, hii ni sehemu yenu. Wengine rukeni, sitawaona.

Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki ya kijivu. Unavikata kimoja kimoja kwa koleo ndogo, unasugua makovu kwa msasa, unajaribu bila gundi kwanza, halafu ndiyo unagundisha. Unaanzia ndani: kiti cha rubani, usukani, vijisaa vya mbele yake. Mikanda ya kiti niliitengeneza kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa maji ya gundi ili vilale kama kitambaa. Halafu injini, silinda 14 zimepangwa duara kwa safu mbili, moja nyuma ya nyingine. Nilizipaka nyeusi, nikasugua juu yake rangi ya fedha kwa brashi kavu hadi mapezi yake yakaonekana. Injini peke yake ilichukua jioni nne. Sijutii hata moja.

Shida ya CR.42 ni mabawa. Bawa la juu na la chini yameshikanishwa kwa nguzo za mshazari, zimepangwa kama herufi W, na nyingine fupi zinatoka kwenye kiwiliwili. Zote lazima zikae sawa kwa wakati mmoja, kabla gundi haijakauka. Ni kama kuvisha foronya kwa mkono mmoja huku mtu anakupigia simu.

Nilifanya kosa ambalo mtoto angeliona. Ijumaa usiku, nimetoka kazini nimechoka, macho mazito, nikajiambia, acha nimalize bawa nilale. Nikagundisha, nikaliegemeza kwenye vikombe viwili, nikalala. Asubuhi upande wa kushoto ulikuwa umeshuka milimita nne. Unaweza kusema milimita nne si kitu. Zidisha mara 32: karibu sentimita 13. Ndege ya kweli ikiwa hivyo hairuki, inaanguka. Nilipojaribu kulirekebisha kwa nguvu, nguzo mbili zikavunjika. Sauti yake ni ndogo sana, kama kuvunja njiti ya kiberiti, lakini iliniuma mpaka tumboni.

Wiki mbili sikuigusa. Mama hakusema kitu, ila siku moja nilikuta amekifunika kile kitu kilichokula meza yake kwa kitambaa safi, kisipate vumbi.

Nilichokihitaji kilikuwa kuona nguzo za kweli zinavyokaa. Na hapa sisi wa London tuna bahati. CR.42 zilizobaki duniani zinahesabika kwa vidole, na moja iko Hendon, kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza. Hiyo ilikuja yenyewe. Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa kati ya ndege za Italia zilizotumwa kutoka Ubelgiji kuishambulia Uingereza. Injini ikaleta shida, rubani akatua kwenye ufuo wa Orfordness, ndege ikainamia pua, yeye akakamatwa. Basi nikapanda treni mpaka Colindale, kisha miguu.

Nilipiga picha za nguzo kutoka kila upande, watu wakadhani nakagua. Nilipomaliza nikachutama chini ya bawa, nikatazama juu. Sikupanga kufanya hivyo. Nilikuwa nimeizoea ile ndege ikiwa mezani, mimi nipo juu naitazama chini, ni ndogo, ni yangu. Kutoka chini si ndogo. Bawa linafunika taa. Mabomba ya bunduki yako pale juu ya injini, yanatazama mbele. Nikamfikiria ami wa bibi amelala kifudifudi kwenye jiwe la Gondar, hana bawa la kumkinga, ana kofia tu.

Nilirudi na treni nikisoma juu ya Gondar.

Kufikia katikati ya 1941 vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vimekwisha karibu vyote. Mogadishu ilianguka Februari, Addis Ababa Aprili, na Haile Selassie akaingia mji wake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili baada ya Wataliano kuuingia. Keya walikuwa wametembea kutoka Kenya, wakapita Somalia, wakapanda hadi milima ya Ethiopia. Wataliano wa mwisho walijifungia Gondar, kaskazini, hadi mvua zilipokwisha. Na anga lao? Ndege za kivita zilizokuwa zimebaki zilikuwa CR.42 mbili. Mbili tu. Oktoba moja ikaangushwa, rubani wake akafa. Ikabaki moja. Novemba, kwenye mapigano ya Kulkaber, ile moja iliruka ikawashambulia wanajeshi wa upande wa Uingereza. Siku chache baadaye, tarehe 27 Novemba 1941, Gondar ikasalimu amri.

Hapo nikasimamisha kila kitu, nikamtumia bibi ujumbe: ami alisema walikuwa wakipanda kilima ile ndege ilipokuja? Ilikuwa kabla ya vita kwisha kwa muda gani? Jibu likaja kesho yake. Alisema siku zile ndizo za mwisho, kwa sababu ami alikuwa akimalizia hadithi kwa kusema, “Ile ndiyo risasi ya mwisho niloisikia kwa masikio mawili.”

Nitasema kwa uangalifu, maana najua kuna wasikilizaji wetu watakaonikamata. Upande wa Waingereza pia kulikuwa na ndege za mabawa ya ghorofa, Gloster Gladiator, na mtu aliye chini, moshi kila mahali, anaweza kuchanganya. Lakini Gladiator zilikuwa upande wa ami, zisingempiga. Kama alikuwa Kulkaber ile Novemba, na ndege ya adui yenye mabawa ya ghorofa ikamjia, basi haikuwa moja kati ya 1,800. Haikuwa moja kati ya 50. Ilikuwa ile.

Nikachukua bahasha ya stika za Visintini, nikampa kijana mmoja tunayeunda naye ndege. Yangu isingekuwa na farasi. Ingekuwa ile ya mwisho, ambayo haina mtu maarufu ndani yake.

Ikabaki kazi. Nilikata boksi la nafaka ya asubuhi, nikatengeneza kiunzi cha kadibodi kilichoshika mabawa kwa umbali sahihi kila upande. Nguzo mbili zilizovunjika nilizichonga upya kwa fimbo ya plastiki na kuziimarisha kwa waya mwembamba ndani. Nikagundisha Jumamosi asubuhi, nimelala vizuri, nimekunywa chai. Juu ya bawa nikaweka mifuko miwili midogo ya mchele, nikatoka nyumbani ili nisiguse. Jioni nilipima kwa rula mara tatu. Sawa.

Rangi ni mchanga wa manjano chini ya madoa ya kijani na kahawia, na tumbo la kijivu. Niliipulizia taratibu, tabaka jembamba juu ya jembamba. Halafu nikaichakaza. Ndege ya Gondar haikuwa na gereji wala vipuri, kila kiraka kilitoka kwenye ndege iliyokufa. Nikaitia mafuta tumboni, masizi kwenye mabomba ya moshi, vumbi jekundu kwenye magurudumu, na paneli moja yenye rangi isiyofanana na jirani zake. Nikaacha msalaba mweupe kwenye mkia ukififia.

Zikabaki alama za mabawa. Kila bawa la ndege za Italia lilikuwa na duara lenye mafungu matatu ya fimbo, kila fungu limefungwa pamoja na shoka. Hiyo ndiyo alama ya chama cha kifashisti, na neno lenyewe “ufashisti” linatoka kwenye jina la fungu hilo la fimbo. Mama alisimama nyuma yangu akasema, “Hizo nazo utaziweka? Nyumbani kwangu?” Nilifikiri kuziacha. Kuna wanaoziacha, na siwalaumu. Mwishowe niliziweka, hasa zile za chini ya bawa, kwa sababu ndizo alizoziona yeye aliyekuwa amelala chini. Nikizifuta, ndege inakuwa panzi tu, mchezo. Haikuwa mchezo. Mama alitafakari, akasema sawa, lakini isikae sebuleni. Iko chumbani kwangu.

Jumapili moja kabla sijamaliza, nilikuwa namweleza bibi juu ya ile karatasi ya maelekezo inayokuja kwenye boksi: kipande kipi kinaenda wapi, rangi gani, ndege ilikuwa ya kikosi gani. Na juu ya karatasi ya stika niliyoigawa, ambayo iliandika hadi jina la rubani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Na juu ya ami yangu yasemaje?”

Nikasema, “Haisemi, bibi.”

“Hata jina?”

“Hata jina.”

Hakukasirika. Alisema tu, “Basi andika wewe.”

Kwa hiyo nikatengeneza ardhi. Ubao mdogo, plasta, mawe ya kweli kutoka bustanini, nyasi kavu zilizotengenezwa kwa nyuzi za brashi ya zamani. Ndege nimeisimamisha juu yake kwa fimbo nyembamba ya chuma, imeinamisha pua, inakuja. Na chini yake kuna askari. Kwa uwiano wa 1/32 mtu mzima ni kama sentimita tano na kitu. Nilinunua kijisanamu cha mwanajeshi wa Kiingereza, nikamkata kiungo kwa kiungo, nikamlaza kifudifudi, nikamgeuza kichwa atazame juu. Kaptula, sweta, kofia ya ukingo mpana. Uso niliupaka upya mara tano. Tatizo ni kwamba hakuna picha yake, sina cha kufuatisha. Ile ya tano nilimtazama mjomba wangu kwenye picha za harusi, nikafuata mashavu yake.

Chini ya ubao, kwa kalamu nyembamba, niliandika jina lake kamili, jina la babake, na “Malindi”. Bibi alinitamkia herufi kwa herufi, akanirudisha mara mbili. Jina lenyewe silitaji hapa. Ni la nyumbani.

Ilipokamilika nilimpigia, nikaizungusha simu polepole kila upande. Binamu akimweleza: hapa mabawa, hapa mkia, hapa yuko ami amelala. Bibi akasogea karibu na kioo mpaka nikawa naona paji la uso tu.

“Mbona umemkondesha?” akasema. “Ami alikuwa na mwili.”

Nikasema nitamtengeneza mwingine.

“Usimtengeneze. Vitani hakuna kunenepa.” Akatulia. Kisha akaanza kumwombea, na majina ya wengine yakafuata, watu ambao sijawahi kuwasikia, mmoja baada ya mwingine. Binamu akaniashiria kwa kidole: rekodi. Nilikuwa nimeshabonyeza.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la swali lenu. Mbona ndege ya Mtaliano? Kwa sababu ilikuwa bei poa, na kwa sababu ilimfanya bibi yangu aongee dakika sita. Najua wengi wenu mna bibi, babu, au shangazi mkubwa anayejibu kila kitu kwa “umekula?” Jaribuni kumwonyesha kitu, chochote, mnachokitengeneza kwa mikono. Usimuulize historia. Mwonyeshe tu, na uwe tayari kurekodi.

NENO LA SAFARI HII

Keya. Ni askari wa jeshi la King's African Rifles, jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki. Watu walizisikia herufi K.A.R. wakazifanya neno, na wazee bado wanasema “alikuwa Keya” au “alikwenda Keya”. Likitajwa nyumbani kwenu, usiliache lipite. Uliza alikuwa nani, na alikwenda mpaka wapi.

Tutumieni jumbe za sauti kama kawaida, na picha za mnachoficha chumbani. Safari ijayo mwenzangu ataandika juu ya cherehani ya mamake, ambayo amekatazwa kuigusa tangu akiwa na miaka sita, na sasa ameanza kuigusa. Kaeni salama.